Kompyuta Isiyotoka Nyumbani

Jumatatu, 7 Aprili

Idd imepita, Mfunguo Mosi ndio huu, na watu wa Msambweni wanaozana kama waliokuwa wamefungiwa. Nina harusi nne mkononi na furaha haienei kifuani. Nimeazimia kuandika msimu huu, maana wa mwaka jana uliisha nikakumbuka maumivu ya miguu tu.

Kazi yangu ni kupiga video za kupamba. Siku ya kupamba ni ya wanawake watupu. Bibi harusi hutolewa amepambwa, wageni huvua mabuibui na mitandio, na bibi wa heshima zake huonekana akicheza mpaka viatu vinamshinda. Simu zote huwekwa kikapuni mlangoni. Kamera ni yangu peke yangu, na picha zikitoka humo huingia kwenye kompyuta iliyo chumbani kwangu, ambayo haitiwi jicho na mwanamume yeyote. Hata Swabir, mume wangu wa ndoa, akija mapumzikoni kutoka Diani anakolinda hoteli, hupiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe.

Asiyepiga hodi ni mama yake. Leo alasiri Bi Mwanaima ameingia moja kwa moja na chetezo kinafuka udi.

"Watu wakutaja mno huko mjini, mwanangu. Tuifukize hii kazi yako."

"Haya, Mama."

Ningesema nini? Nyumba ni yake.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua imeanza. Nguo hazikauki.

Jumapili, 13 Aprili

Kupamba kwa Mwanasha, binti wa Bi Fauzia. Mvua ilipiga mabati hadi ngoma ikabidi ipigwe kwa nguvu zaidi. Watu walicheza vizuri sana, nami nimepata picha ambazo sijawahi kupata tangu nianze.

Jambo moja tu limenichoma. Mwanasha amelelewa na bibi yake, Bi Mbeyu, na Bi Mbeyu aliteleza uani wiki iliyopita akavunjika nyonga. Amelazwa. Bibi harusi alikaa pale, hina mpaka kwenye viwiko, macho mlangoni. Baadaye Bi Fauzia alinivuta kando jikoni.

"Bi Twaiba, mume wake anamchukua Maskati. Jumamosi ya tarehe tatu wanaondoka jioni, na hatujui watarudi lini. Mama yangu lazima aione hii harusi naye mjukuu wake ameketi ubavuni pake. Inawezekana?"

"Inawezekana," nikasema, bila hata kufikiri. Nilikuwa na furaha, ningekubali chochote.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeshatia picha zote kwenye kompyuta na kufuta kadi ya kamera kwa ajili ya harusi ya kesho. Nikakaa nianze. Nasogeza kipanya, mshale unakuja baadaye, kama mtu aliyeitwa akiwa bado anakula. Nafungua kipande kimoja, kioo kinaganda. Nimedhani ni umeme wa mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Si umeme. Leo umeme ni mzuri na kompyuta ni mbovu vilevile.

Mama ameona ninavyoipiga meza makofi. Amesema hilo ni jicho, wala hakuna haja ya kuulizana. Madirisha yamefungwa kwa mvua, nyumba inanuka unyevu, kwa hiyo sasa anafukiza asubuhi na jioni. Leo amekishusha chetezo chini ya meza, kando kabisa ya lile kasha kubwa la kompyuta. Moshi ukapinda, ukaingia wote kwenye matundu ya kasha.

"Waona inavyovuta?" aliniambia, ametosheka kabisa. "Yautaka!"

Nilicheka. Nilikuwa na hasira lakini nilicheka.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeamua nitaitibu mwenyewe. Kwanza nimetazama nafasi: imejaa mpaka shingoni. Nimefuta video za kujaribia, picha zilizojirudia, na katuni za watoto wa dada yangu. Nikazima na programu zote zinazojiwasha bila kuulizwa, maana kumbe zilikuwa nyingi. Nikaiwasha upya.

Jamani! Iliamka kwa kasi, kila nilichobonyeza kilifunguka. Nimezunguka chumba nikipiga vigelegele peke yangu. Mama akaja kuuliza kama kuna aliyezaa.

Adhuhuri ikarudi ilikokuwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Bi Fauzia kapiga simu. "Bado?" "Bado."

Jumanne, 22 Aprili

"Bado?" "Bado."

Nimejaribu kuipika hivyo hivyo. Kupika ndiyo kazi ya mwisho, kuviunganisha vipande vyote viwe video moja. Nimeiacha tangu asubuhi. Imefika asilimia kumi na moja, ikajizima.

Jumatano, 23 Aprili

Swabir amekuja mapumzikoni. Nimempokea kwa maneno badala ya chai, nikamwambia ni flashi yake. Mwezi uliopita aliichomeka flashi ya sinema alizopewa na wenziwe hotelini, na nina hakika ililetea kompyuta yangu virusi. Aliapa. Sikumsikiliza. Nimeipekua kompyuta kwa programu ya kuua virusi kutwa nzima, nayo ikatambaa na kutambaa, na mwisho ikaniambia haikuona kitu. Sijamwomba radhi. Nitamwomba.

Jioni akasema, "Tuipeleke kwa Abdurahman, Ukunda. Rafiki yangu yule, mtu wa swala tano. Hawezi kutazama."

"Akishaitengeneza, atajuaje kama imepona? Si atafungua kitu? Na kitu kilichomo ni nini?"

"Atafungua kidogo tu."

"Kidogo cha mke wa nani, Swabir?"

Akatoka kwenda msikitini. Nami nikalala na kichwa kinaniuma, maana ukweli ni kwamba sina njia nyingine: fundi mwanamke ninayemjua hapatikani simuni. Picha za Mwanasha zimo humo na humo tu. Nikiitoa kompyuta nje, hakuna mwanamke wa Msambweni atakayenifungulia mlango wake tena. Na nisipoitoa, Bi Mbeyu haoni harusi.

Ijumaa, 25 Aprili

Lazima niiandike hii vizuri.

Nilikwenda Kikoneni kupatana na watu wa harusi ya mwezi ujao. Nimerudi baada ya swala ya Ijumaa, mvua inanyesha, naona tuktuk imesimama mlangoni petu, injini inanguruma. Ndani ya tuktuk hamna mtu isipokuwa dereva, na dereva anacheka mpaka ameegemea usukani. Nikakimbia na buibui langu lote limelowa.

Barazani, kasha la kompyuta limeshatolewa, limezungushiwa shuka. Na juu ya kasha amekaa Bi Mwanaima. Amekaa hasa, leso kiunoni, leso kichwani, miguu imelowa maji ya mvua, tasbihi mkononi. Mbele yake amesimama Swabir, mtu mzima mwenye mabega ya kulinda hoteli, anabembeleza.

"Mama, nakuomba uinuke. Naipeleka na kurudi nayo leo leo."

"Nimekaa. Atakayeichukua anichukue na mimi."

"Mama, Twaiba hali vizuri, halali. Nataka kumsaidia tu."

"Swabir. Humu mna vichwa vya wanawake wa watu. Wamevua mitandio yao kwa kuiamini nyumba hii. Nyumba ya nani hii?"

"Yako, Mama."

"Basi mwambie huyo wa tuktuk aende zake. Anapoteza mafuta."

Dereva akaenda, bado anacheka. Swabir akaniona, akainamisha kichwa. Ningemrarua, wallahi, lakini nilipomtazama uso nikaona hakukusudia baya. Amechoka kuniona nikilia juu ya kipanya. Akalibeba kasha mwenyewe akalirudisha chini ya meza, akaunganisha na nyaya zake, akatoka.

Nami nikamkumbatia Bi Mwanaima, nimelowa hivyo hivyo. Tangu niingie nyumba hii nimemwona ni mama wa kuingilia mambo yangu. Leo nimeona kwamba amekuwa akiyalinda, na mimi sikujua. Nampenda. Nimeliandika, na sitalifuta.

Kisha akawasha chetezo, kwa sababu kasha limetoka nje na limeonwa na dereva.

Jumamosi, 26 Aprili

Eunice amerudi! Eunice ni fundi wa kompyuta, mwanamke, mtu wa bara aliyehamia Ukunda. Alikuwa kwao kwa Pasaka na simu yake ilikuwa haipatikani. Nimempigia asubuhi nikamweleza yote bila kuvuta pumzi.

"Tulia kwanza," akasema. "Inalala saa zote ama saa zingine?"

Nikafikiri. "Asubuhi huamka vizuri. Ikishafanya kazi kidogo ndipo hulala."

"Ukiizima ipumzike?"

"Huamka tena."

"Sasa weka mkono nyuma ya kasha, penye feni. Upepo unatoka?"

Nikainama chini ya meza. Feni ilikuwa inalia kwa kelele kubwa, lakini upepo wenyewe ulikuwa kama pumzi ya paka. Na bati la ubavuni lilikuwa la moto, nikaondoa mkono.

Eunice akacheka. "Twaiba, hiyo haina virusi, haina jicho. Iko na joto. Ikishika joto inajipunguza mwendo yenyewe, ndio isiungue. Ikizidi sana inajizima. Kuna kitu kimeziba huko ndani. Kesho nikitoka kanisani nakupigia, unaifungua mwenyewe."

"Mimi?"

"Ama unataka nikutafutie mwanaume?"

Nimefurahi hata chakula sikukitaka. Ina joto! Siku zote hizi, kumbe joto!

Jumapili, 27 Aprili

Eunice alipiga simu, nikaiweka mezani sauti juu. Mama alishika tochi kwa sababu chini ya meza kuna giza. Eunice akaniamuru nichomoe waya wa umeme, nibonyeze kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nishike chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa kingine. Nikafungua skrubu za nyuma kwa bisibisi ya cherehani. Bati la ubavuni likateleza, likatoka.

Kabla sijaona kitu, harufu ilitoka. Udi. Udi wa Mama, ule anaoulowesha mwenyewe kwa sukari na marashi. Uliijaza pua yangu utadhani chetezo kimo ndani.

Kisha tukaona. Mapezi ya feni yalikuwa meusi yananata, vumbi limegandiana na utamu wa moshi likawa nene kama sufi ya mto. Chuma cha kupozea kilichokuwa chini yake hakikuonekana hata kidogo.

"Unaona nini?" Eunice anauliza. "Twaiba? Unaona nini?"

Mwanga wa tochi ulikuwa umeanza kushuka, taratibu, mpaka ukaangaza sakafu. Niligeuka. Bi Mwanaima alikuwa anatazama ndani ya kasha. Sikuhitaji kumwambia kitu. Harufu ya udi wake hawezi kuikosea.

Aliiweka tochi mezani akatoka.

Nilimweleza Eunice kwa sauti ya chini. Aliguna. "Basi pole kwa mama. Lakini hiyo inatibika, na mwambie hivyo."

Nilikwenda kumwambia. Mlango wake ulikuwa umefungwa, nikaona haya kuugonga.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama hajasema neno. Chetezo hakijawashwa. Nyumba inanuka mvua, na siipendi hivi.

"Bado?" "Bado, Bi Fauzia, lakini nimeshaujua ugonjwa!"

Jumanne, 29 Aprili

Nimeketi sakafuni asubuhi, kasha limelazwa ubavu kwenye mkeka, nasugua kwa mswaki mkavu na kukoroga zaidi kuliko kusafisha. Nikasikia, "Hodi."

Hodi! Bi Mwanaima amesimama nje ya mlango wa chumba changu, anangoja.

"Karibu, Mama."

Mkononi alikuwa na brashi yake ya poda, ile laini anayoitumia siku za Idd tu, na pamba, na chupa ya spiriti.

"Nionyeshe pa kupangusa na pasipoguswa," akasema.

Nikamwonyesha. Eunice alikuwa ameniambia feni ishikwe kwa kidole isizunguke, na pamba isidondoshe maji. Mama alikaa akapangusa pezi moja moja, kwa mkono uleule unaotunga asumini bila kuvunja ua. Mimi ningeshaitupa ile feni ukutani. Yeye alipangusa mpaka plastiki ikarudi rangi yake ya kijivu, ambayo hata sikujua kama ni kijivu. Nilimshikia bakuli la pamba chafu.

Alipofika kwenye chuma cha kupozea, akasema bila kuinua macho, "Nilidhani yautaka."

Nikaanza kucheka. Nilijizuia, nikashindwa, nikalala chali kwenye mkeka. Alinitazama kwa ukali, halafu bega lake likaanza kutikisika, na sote wawili tukacheka mpaka machozi. Afadhali, wallahi. Kimya chake kilikuwa kinanila.

Jumatano, 30 Aprili

Eunice amemtuma mtu wa tuktuk na kijibomba cha dawa nyeupe ya kupakwa chini ya chuma cha kupozea, ili joto lipite upesi. Nikakifungua chuma, nikapangusa ile ya zamani iliyokauka, nikapaka mpya kiasi cha punje ya choroko, kama alivyoniambia. Nikafunga skrubu. Mama akasema Bismillahi, mimi nikabonyeza.

Feni haikulia. Nilidhani imekufa. Nikainama na kuweka mkono nyuma, upepo ukanipiga kiganjani, mwingi, baridi. Nilipiga kelele jirani akaja!

Nikaifungua kazi ya Mwanasha, vipande vyote kwa pamoja, makusudi. Mshale ulinifuata popote. Nikakata, nikaunga, nikaweka nyimbo. Adhuhuri ikafika, ikapita. Alasiri ikafika. Nikaweka mkono kwenye bati kila nilipokumbuka, na bati likawa vuguvugu tu.

Nimemwambia Mama kwamba udi aurudishe, ila ukumbini, mbali na meza yangu. Amewasha. Sasa nyumba imekuwa nyumba.

Alhamisi, 1 Mei

Imeiva! Nimeipika tangu chai ya asubuhi, na kabla sijaosha vikombe ilikuwa tayari. Nimempigia Swabir Diani nimwombe radhi ya flashi. Amesema alishasahau. Mwongo, lakini mwongo mzuri.

Ijumaa, 2 Mei

Bi Mbeyu ametoka hospitali. "Bado?" "Tayari!" Bi Fauzia alipiga kigelegele simuni, sikio langu bado linavuma.

Jumamosi, 3 Mei

Tulikwenda asubuhi, mimi na Mama. Chumba cha Bi Fauzia kilijaa wanawake, mlango umetiwa komeo, na sanduku za Mwanasha zimepangwa ukutani. Bi Mbeyu alikuwa kwenye kiti, mito kila upande, fimbo mapajani. Mwanasha ameketi mkekani ubavuni pake.

"Shikamoo, Bi Mbeyu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenichelewesha?"

Wote wakacheka, na Bi Fauzia akadakia kwa utani wenye miiba kidogo: "Kila siku bado, bado! Nikasema huyu Twaiba sasa amekuwa na jina, hana tena wakati wa watu."

Nilifungua mdomo nijitetee. Bi Mwanaima akasimama. Mama huyu, ambaye sijamsikia akikiri hata chumvi imezidi.

"Twaiba hana kosa. Ni mimi. Mimi niliifukiza mashine kwa udi kila siku mpaka nikaiziba. Yeye kaifungua, kaitibu. Mwenye lawama anipe mimi."

Nilijisikia kulia. Ndipo Bi Mbeyu akauliza, "Udi wako ule wa marashi?"

"Ule ule."

"Nami ningevuta," akasema Bi Mbeyu, na chumba kikapasuka kwa kicheko.

Nikachomeka flashi kwenye televisheni. Aliitazama yote bila kupepesa. Alitaja kila mmoja kwa jina, akamsema huyu kwa gauni na yule kwa kucheza nje ya ngoma. Tulipofika kwenye kutunza, pale ambapo kila jamaa humwendea bibi harusi na kumpachika kikuba cha asumini na rihani kifuani, alisogeza uso mbele. Shangazi wakapita. Mama mdogo akapita. Mlolongo ukaisha.

"Na mimi?" Bi Mbeyu akasema.

Akaomba kikuba. Mtu akakimbia uani, rihani ikachumwa, asumini ikatolewa kwenye kichwa cha jirani, Mama yangu akakitunga papo hapo. Bi Mbeyu akaishika fimbo. Bi Fauzia akasema, "Mama, daktari amekataza," naye akamjibu, "Daktari aliolewa lini?" Akainuka. Tulimshika mabega, lakini alisimama kwa miguu yake, na Mwanasha akapiga magoti mbele yake ili asiiname. Akampachika kikuba. Alichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Vigelegele vilipotoka sikujua nalia ama napiga vigelegele mimi mwenyewe.

Lakini kamera nilikuwa nimeiwasha. Alhamdulillahi, tangu alipoomba kikuba.

Mwanasha akaniangalia. "Itaingia, Bi Twaiba? Twaondoka baada ya alasiri."

Wiki iliyopita ningesema haiwezekani, nikaenda kulia. Nilichukua tuktuk na Mama hadi nyumbani, buibui likipepea nje kama bendera. Nikatia kipande, nikakiweka mwisho wa mlolongo wa kutunza, baada ya mama mdogo, mahali pake hasa. Nikabonyeza ipike. Mama akaketi karibu yangu akiitazama ile mistari ya asilimia ikipanda, na kila ilipopanda alisema "Ehee!" kama anayeshangilia mpira. Haikuganda. Haikulia. Ikafika mia tukiwa bado tunaitazama.

Mama akaifunga flashi kwenye pindo la leso yake, akakataa nimsaidie kuibeba.

Tulifika gari limeshawashwa. Bi Mbeyu alikuwa kwenye dirisha la chumba, Mwanasha kiti cha nyuma, kikuba bado kifuani. Mama akafungua pindo akampa. Mwanasha akaishika flashi kwa mikono miwili.

"Bibi yumo?" akaniuliza.

"Yumo."

Akafumba kiganja, na gari likaondoka.